Nguzo za Murembe

Ukienda Kitale ukimtafuta Gachanja, usiulize kwa jina, utazungushwa mpaka jioni. Shuka Matisi uulize fundi wa pawa. Pawa ni ule msumeno wa injini unaolia mpaka kuku wanasahau kutaga, na Gachanja ndiye anayeitibu ikiugua. Ana kibanda cha mabati kando ya barabara, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na ana tabia ya kuongea na mashine akidhani hakuna anayemsikia. Mimi nimemsikia. Huzibembeleza kwa Kikuyu na kuzitukana kwa Kiswahili, na nilipomuuliza sababu, alisema Kiswahili ndicho zinachoogopa.

Mimi ni Nabwile. Kwetu ni karibu na Lugulu, Bungoma, pale kwenye mteremko ambapo njia ya gari huisha na ya ng'ombe huanza. Nasimulia habari za mtu huyu kwa sababu wengi wamezisimulia vibaya, na mimi nilikuwepo, tena macho yangu bado ni mazima.

Baba yake alitoka Murang'a akapata shamba Trans-Nzoia wakati wazungu wanaondoka, na Gachanja akazaliwa hukohuko. Ukimwita mgeni anakuuliza mgeni wa wapi. Zamani alikuwa na mtamba mmoja aliyempenda kuliko pawa zote. Mwaka mmoja kiangazi kikawa kikali, nyasi zikaisha, mtamba akaingia kwenye lantana, kile kichaka cha miiba chenye sumu kilichokuwa kimemeza ukingo wa mto, akala. Macho yakageuka manjano, ngozi ikachubuka puani, akafa Gachanja akimtazama. Tangu siku hiyo Gachanja na lantana ni kama wake wenza. Akiiona popote, hata kwenye ua wa mtu asiyemjua, huinama akaing'oa. Mkewe Wakonyo aliniambia kuna siku aliing'oa kwenye matanga, mahubiri yakiendelea.

Alikuja kwetu mara ya kwanza kutengeneza pawa ya kanisa. Alipomaliza akaomba maji, nikampa. Maji yetu wakati huo yalikuwa na rangi ya chai ya shule. Aliyatazama, akanitazama.

"Mama, hii ndio mnakunywa?"

"Kwani unaona tukimwagilia maua nayo?" nikamjibu, maana jua lilikuwa limenichoma na maswali ya aina hiyo hunikera.

Aliyanywa yote bila kukunja uso. Kisha akaniomba nimpeleke yanakotoka.

Chemichemi yetu iko kwenye kipande cha msitu wa asili chini ya shamba la Wepukhulu. Wepukhulu ni ndugu wa marehemu mume wangu, kwa hivyo ni mulamwa wangu, shemeji, na kwa heshima hiyo nitasema tu kwamba ni mzee mwenye sauti kubwa. Miaka mingi nyuma alipanda blugamu, ile mikaratusi, pale chini ili auze nguzo. Miti ile ilikua upesi, ikanywa maji yote, na pale kivuli chake kilipoisha lantana ikaingia, ikafunga njia na kunyonga miti midogo ya kienyeji. Chemichemi iliyonilea nikiwa bibi arusi ikabaki kidimbwi cha kuchota kwa kikombe.

Gachanja alizunguka pale akiguna kama daktari. Jumamosi iliyofuata akarudi na pikapu yake, pawa nyuma, bila kuitwa na bila kuahidiwa kitu. Na iliyofuata. Mwanzoni tulimtazama tu, maana mtu anayefanya kazi ya bure huko kwetu lazima anatafuta kura. Tulipoona hana kura anayotafuta, tukaona aibu, tukashika majembe. Hata Wepukhulu alikubali blugamu zake ziangushwe, baada ya mkewe kumwambia kwamba yeye ndiye atakayekuwa anaenda kuchota maji mbali.

Tulijifunza kazi ile kwake. Blugamu ukiikata ukaiacha, kisiki kinachipua machipukizi mengi kuliko mti wenyewe, hivyo tulikivua gome lote mpaka chini ya udongo, kikafa taratibu. Lantana huing'oi kwa hasira. Unachimba, unatoa mizizi, unaigeuza iangalie juu ili jua liimalize. "Ukiiweka inagusa chini," alikuwa akisema, "ni kama umeipanda wewe mwenyewe, bana." Mikono yetu ilichanika kwa miiba, tukanuka lantana mpaka kanisani, lakini maji yakaanza kusogea. Kwanza yakawa na rangi nyepesi. Kisha asubuhi moja nikasikia sauti yake kabla sijayaona, na nikasimama njiani na mtungi wangu nikalia, sioni haya kusema.

Kilichobaki ilikuwa uzio, kwa sababu ng'ombe walikuwa wakiingia kunywa na kuvuruga kila kitu. Tulichagua magogo yaliyonyooka ya blugamu, tukayapanga kando ya njia yawe nguzo. Gachanja aliyapanga mwenyewe. Jumamosi moja tulipofika, hayakuwepo.

Tulisimama tukitazama pale yalipolala, nyasi bado zimebonyea. Wepukhulu ndiye aliyefungua mdomo.

"Magogo haina miguu," akasema. "Mtu ameyabeba. Na hapa sisi tuko na mikokoteni tu. Pikapu iko moja, na inatoka Kitale."

Gachanja alikuwa akitia mafuta kwenye pawa. Aliweka mtungi chini polepole.

"Mzee, ni mimi unasema?"

"Sijataja mtu. Nimesema pikapu iko moja."

Mtu akijibu hivyo huna la kumshika, na ndiyo maana watu waoga hupenda kujibu hivyo. Gachanja alitutazama mmoja mmoja, nadhani akingoja mtu aseme kitu. Mimi nilisema. Nilisema, "Mulamwa, hayo maneno hayafai," lakini nilikuwa peke yangu, na sauti ya mwanamke mjane mbele ya mwenye shamba haiendi mbali. Gachanja alipakia vitu vyake akaondoka. Asante ya punda ni mateke.

Wiki ile nilipata usingizi wa vipande. Najua jinsi mambo yanavyokwenda upande wetu huu. Neno "mwizi" likimwangukia mtu wa nyumbani, ndugu zake watalipangusa. Likimwangukia mtu mwenye jina la Gachanja, linaganda, na kuna watu watalitumia hata siku ya kura kueleza mambo mengine kabisa. Mzee mzima, aliyetuletea maji, angekwenda kaburini akiwa mwizi wa nguzo za blugamu. Na kazi yetu nayo ingekufa, kwa sababu nani mwingine angekuja?

Jumamosi akaja.

Hakuja na pikapu wala pawa. Baadaye nilijua aliziacha makusudi, ili mtu asiseme tena habari ya pikapu. Alifika kwa miguu kutoka barabara kuu, panga mkononi, hakusalimu mtu. Alitupita sote, akapanda kidogo juu ya chemichemi, akasimama mbele ya mti wetu wa murembe, na kabla mtu hajapumua akaupiga panga.

Hapa nisimame nieleze. Sisi Wabukusu tunauita kumurembe. Ni mti wa gome lenye miiba, wenye maua mekundu kama makaa, na haukatwi hivihivi. Kuni zake hazipikiwi ugali. Zamani watu wawili wakishtakiana na hakuna shahidi, walipelekwa mbele yake. Anayejua hana hatia anaupiga. Basi imekwisha, mkono umeshasema. Yule mwongo, au yule aliyeiba kweli, nyumba yake itakauka kuanzia kwa aliye mdogo kuliko wote. Sisi ni watu wa kanisa, tena kanisa letu linakataza kiapo cha aina yoyote, na mchungaji amelihubiri hilo mara nyingi. Lakini siku ile nilitazama nyuso za waumini wenzangu na sikuona hata mmoja aliyekumbuka mahubiri.

Aliupiga tena. Matawi manene kama mkono yakaanguka, moja baada ya jingine. Hakusema neno, na ukimya wake ndio uliotumaliza. Mke wa Wepukhulu alinishika kiwiko akanifinya mpaka nikaumia. Nilitaka kumwita, lakini mtu anayeapa hakatizwi. Wepukhulu mwenyewe alikuwa amesimama na jembe kifuani, rangi imemtoka.

Gachanja alikusanya yale matawi, akayachonga ncha, akayachimbia kuzunguka chemichemi, nguzo kwa nguzo, jasho likimtiririka. Hakuna aliyemsaidia. Nani angegusa? Alipomaliza akanawa, akatutazama tena vilevile mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu hata kumwambia asante. Akachukua panga lake akaenda.

Kijiji kizima hakikuongea jambo lingine. Wengine walisema Mkikuyu ameapa, kwa hivyo hakuiba, maana mwizi gani anaweza kusimama pale? Wengine walisema tusubiri tuone. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wepukhulu hakusema chochote, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Siku chache baadaye, asubuhi na mapema, alisimama mlangoni kwangu amevaa koti la Jumapili.

"Mulamwa," akasema, "unajua kwa Gachanja?"

"Najua."

"Nipeleke."

Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia Jelagat, mke wa mwanawe Khaemba, ameshikwa na uchungu tangu jana na yuko hospitali ya Lugulu, na mtoto amekataa kutoka. Alisema hivyo akitazama miguu yake. Khaemba ni kijana anayefanya biashara soko la Myanga, na Jelagat ni msichana wa Kisabaoti kutoka Mlima Elgon, mwenye adabu kuliko nyumba yote aliyoolewa. Huyo ndiye angekuwa mjukuu wa kwanza wa Wepukhulu. Nikaanza kuhesabu kichwani kwa nini mzee anamkimbilia Gachanja badala ya kukimbilia hospitali, na jibu nililopata lilinifanya nifunge kitambaa upesi.

Njia nzima hakusema. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili, nilimsema blugamu zake, mdomo wake, na koti lake.

Matisi tulimkuta Gachanja kibandani, pawa imefunguliwa tumbo juu ya benchi. Alipomwona Wepukhulu aliacha bisibisi, akasimama wima kama mtu anayengoja polisi.

"Fundi," Wepukhulu akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa imebaki kidogo sana. "Nimekuja kukuomba. Hiyo kiapo uliweka, uitoe. Kuna mtoto hospitali. Hajakukosea kitu."

"Kiapo gani, mzee?"

"Ya murembe. Si ulikata? Si sisi wote tuliona?"

Gachanja alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alinitazama mimi kama kwamba nitatafsiri.

"Mama, huyu anasema nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mti, kupiga, nyumba kukauka. Jinsi nilivyokuwa nikieleza ndivyo alivyokuwa akishuka taratibu, mpaka akakaa juu ya gurudumu lililokuwa pale.

"Ngai," akasema. "Huo si ni muhuti? Kwetu huo mti tunakatanga tukiweka boma. Baba yangu aliweka shamba yote nao. Ukikata tawi ukichimbia, inashika, inakuwa mti. Blugamu ilipotea, nikaona nguzo ni lazima, na pawa sikutaka kuleta. Nilikata nguzo, mzee. Nguzo peke yake."

"Hukuapa?"

"Niape nini? Nilikuwa tu na hasira, sikutaka kuongea na mtu. Hata nilifikiria nyinyi mmekataa kuniongelesha juu mnaniona mwizi."

Nimemjua Wepukhulu tangu nilipoolewa na sijawahi kumwona akicheka vile. Kilianza kama kikohozi. Kisha akashika nguzo ya kibanda, akacheka mpaka mabati yakatikisika na majirani wakachungulia. Gachanja naye akacheka, kwanza kwa uoga, kisha kweli. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, huku nikifikiria wiki nzima ya kunong'ona, mke wa Wepukhulu akifunga na kuomba, na nguzo zile tulizozizunguka mbali kama nyoka.

Wakonyo, mkewe, akaleta chai. Tulikuwa bado tukijifuta macho simu ya Wepukhulu ilipolia. Alisikiliza, akasema "ee, ee," akaiweka kwenye goti. Ni msichana. Mama yuko salama, mtoto yuko salama, anapiga kelele kama babu yake. Wakonyo akapiga kigelegele ambacho Kitale nzima ilisikia, na mimi nikamjibu. Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi, nikaomba kikombe cha pili.

Basi. Hakuna kiapo, mtoto amezaliwa, chai imenyweka. Wepukhulu akaaga. Alimshika Gachanja mkono, akamwambia Mungu ambariki, akafika mlangoni, akafungua. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa najua anachoacha nyuma, na nilikuwa nikijiambia kwamba nitamwaibisha mimi mwenyewe tukifika nyumbani.

Akasimama pale mlangoni ametugeuzia mgongo. Kisha akarudi, akakaa palepale alipokuwa amekaa.

"Nimekunywa chai ya huyu mtu," akasema, ni kama alikuwa akijiambia mwenyewe. Kisha akamgeukia Gachanja. "Fundi, hayo magogo ni Khaemba alichukua. Alipeleka Myanga kwa trakta ya rafiki yake, amejengea duka. Mimi niliyaona huko kabla hata sijasema ile maneno. Nilikuwa najua. Nilisema wewe juu wewe uko mbali, na huyo ni mtoto yangu."

Nje mtu alikuwa akiita wateja wa maandazi. Gachanja alichukua bisibisi, akaigeuzageuza, akairudisha. Nilidhani atatukana, na alikuwa na haki, na kwa Kiswahili.

"Unajua, mzee," akasema mwishowe, "ile wiki Wakonyo alikuwa ananiuliza kama nitarudi kwenu tena. Nikamwambia nitarudi mara moja nimalize nguzo, halafu basi. Nilikuwa nimewaaga." Machozi yalikuwa yakimteremka chini ya miwani bila yeye kuyajali. "Asante kwa kurudi ndani."

"Jumamosi nitasema mbele ya watu."

"Sema tu ukitaka. Mimi sasa nimesikia."

Lakini alisema. Jumamosi, mbele ya majembe yote, sauti yake kubwa ikiwa imerudi, Wepukhulu alisema magogo yalichukuliwa na mwanawe na kwamba yeye alimsingizia mtu aliyetuletea maji. Khaemba alisimama kando yake akitazama chini. Alikuwa amebeba roli ya seng'enge, na siku nzima aliifunga kwenye nguzo zile mwenyewe, akichomwa vidole, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyemwonea huruma.

Habari ya kiapo hatukuipeleka popote. Gachanja alitaka kuwaeleza watu kwamba hakuapa, na Wepukhulu akamwambia ngoja kwanza. Bado tunangoja. Nguzo zilishika, kama alivyosema. Kwanza zilitoa macho, kisha majani, na msimu wa kiangazi zikatoa maua mekundu kuzunguka chemichemi yote. Hakuna ng'ombe anayeingia, na hakuna mtu anayekata hata kijiti pale ndani. Juzi juzi jirani mmoja wa upande wa pili wa bonde alishuka na miche ya blugamu kwenye ndoo, akaona maua yale, akasimama kidogo, akarudi na ndoo yake.

Jumamosi Gachanja anapopita kwangu, nampa maji kwenye kikombe kilekile cha kwanza. Huyainua kwenye mwanga, akayatazama mpaka chini kwenye kitako, akanywa. Kisha anaulizia mtoto wa Jelagat, kama ameanza kutembea, halafu anachukua jembe na kushuka, kwa sababu upande wa chini bado kuna lantana, na yeye bado hajaisamehe.